Mbaazi za Ummulkheir

Mzee Kadenge alichovya hamri ndani ya bakuli, akaiinua ikidondoka tui, akaitia kinywani. Alitafuna polepole kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni anayekuja. Akameza, akapangusa ndevu kwa kiganja, kisha akasema kwamba mbaazi ni nzuri.

Ruwaida, aliyesimama mlangoni na upawa mkononi, alijua si nzuri. Zilikuwa zimeiva, chumvi ilitosha, na tui lilikuwa la kwanza, zito, babake akikuna nazi mwenyewe kila alfajiri baada ya sala. Hata hivyo, huu ulikuwa mwezi wa tatu tangu mamake, Bi Ummulkheir, azikwe, na kila asubuhi mzee huyu alitamka neno lilo hilo kwa adabu ile ile, na kila asubuhi bakuli lake lilirudi jikoni na robo ya mbaazi chini. Enzi za mamake bakuli lilirudi jeupe, maua yake ya buluu yakionekana yote.

Wateja wengine hawakuwa na adabu hiyo. Odhiambo wa bodaboda, aliyekuwa akija na wenzake watano na kuijaza baraza pikipiki na kelele, sasa alikuja peke yake, akala haraka, na siku moja akasema waziwazi kwamba anakuja kwa heshima ya marehemu. Wenzake walikuwa wamehamia kwa mama mmoja wa sokoni Kongowea, karibu na wanaposhusha vitunguu. Walimu wawili wa chekechea walikuwa bado wakinunua mahamri, mbaazi hawazitaki. Ruwaida aliyaona hayo yote na hakuuliza. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuona na kunyamaza.

Asubuhi hiyo, wateja walipokwisha, Mzee Kadenge hakuondoka. Alikaa akilizungusha bakuli lake juu ya paja.

"Mwanangu," akasema, "si kwamba ni mbaya."

"Najua, baba."

"Ni kwamba sizo."

Akaweka pesa yake chini ya kisahani, kama alivyoiweka miaka yote, akashika fimbo yake akaenda zake.

Ruwaida aliingia ndani, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kwa ajili ya kitu kidogo kama mbaazi. Babake, Jafar, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umebaki bandarini pamoja na ajira yake, alimtazama kutoka kitandani na kumwambia kuwa mambo ya chungu yalikuwa ya mamake. Yeye alipewa nazi tu, na hata nazi zenyewe alikuwa akikaripiwa.

* * *

Mtaani Kisauni wote walimjua Mzee Kadenge kwa jambo moja. Hakula mnyama, wala kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Nyama hakula, samaki hakula, yai, maziwa, samli, hata asali alisema ni ya nyuki wenyewe walioihangaikia. Vijana walimwita Baniani wa Kaloleni, kwa kuwa ndiko kwao alikozaliwa, na walipomwambia kwamba hata Baniani wenyewe hunywa chai ya maziwa, alicheka pamoja nao na kusema basi yeye amewapita.

Shida yake ilikuwa vitu vya dukani. Nyama mtu huiona. Lakini mkate umetiwa nini? Biskuti je? Mzee hakusoma. Kwa hiyo Ruwaida, alipokuwa darasa la tatu, na soksi zake zimeteremka, alikuwa akikalishwa barazani na kupewa karatasi za vitu asome. Alisoma kwa kidole, unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, chumvi, na mzee akiitikia kila neno kwa kichwa. Alipofika kwenye maziwa ya unga mzee aliinua mkono. "Basi. Hapo hapo." Na pakiti nzima ikawa ya Ruwaida.

Siku moja alileta peremende za kutafuna alizopewa kanisani na bintiye aliyeolewa, Kafedha. Ruwaida akasoma mpaka akafika neno gelatini, akakwama. Mzee akauliza ni mdudu gani huyo. Bi Ummulkheir akaitikia kutoka jikoni kwamba yasemekana hutolewa kwenye ngozi na mifupa, na haijulikani mifupa ya nani. Isijekuwa ya nguruwe. Mzee akaiweka pakiti chini. Ruwaida naye, aliyekuwa tayari amenyoosha mkono, akaurudisha. Peremende zile zilikaa barazani mpaka jioni, Mwislamu hazitaki na Baniani wa Kaloleni hazitaki, na Bi Ummulkheir alicheka hadi akajishika mbavu. "Sisi twasoma tusile mmoja," alisema, "yeye yuwasoma asile hata mmoja. Njia ni hiyo hiyo, mwenzetu amekwenda mbali tu."

Labda ilikuwa ni karatasi zile zilizompeleka Ruwaida chuoni kusomea lishe. Diploma yake ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, na kazi alikuwa hajaipata. Mzee Kadenge aliiangalia fremu ile kila alipopita mlangoni, akisema, "Macho yangu hayo."

* * *

Kopo alilipata kwa bahati, siku ya Alhamisi, akitafuta hamira. Lilikuwa nyuma ya gunia la unga, kopo la zamani la maziwa ya unga, mdomo wake umefungwa kwa nailoni na mpira. Alipofungua, harufu ilimpiga usoni, na kabla hajajua ni harufu ya nini, alijua ni ya mamake. Ilikuwa harufu ya kanga yake alfajiri.

Ndani mlikuwa na uduvi, vile vikamba vidogo kama punje, umekaushwa na kupondwa mpaka ukawa vumbi jekundu.

Ruwaida aliketi sakafuni na kopo mapajani. Alikumbuka mlango wa jiko na mgongo wa mamake. Kila alfajiri, mbaazi zikikaribia kuepuliwa, mamake alimwambia, "Hebu toka mlangoni, wanizibia mwanga." Naye akatoka. Miaka yote ile hakujiuliza ni mwanga gani wa kuzibwa jikoni kabla jua halijatoka.

Hapo angeweza kulifunga kopo na kulirudisha. Aliliwaza hilo. Lakini alimwaza pia mzee akilizungusha bakuli pajani, na baraza tupu, na babake aliyeanza kusema ameshiba kabla ya kushiba. Akawaza kwamba kijiko kimoja katika sufuria nzima ni karibu na hakuna. Alikuwa msomi wa lishe. Alijua vizuri kwamba karibu na hakuna si hakuna, na bado alijiambia hivyo.

Ijumaa alfajiri, babake alipomaliza kukuna nazi, Ruwaida alimwomba atoke mlangoni, anamzibia mwanga.

Mzee Kadenge alichovya hamri. Akatafuna. Kisha akaacha kutafuna, na mkono wake wenye hamri ukabaki hewani, na tui likadondokea kwenye shati lake jeupe asilijali. Aliyafumba macho. Odhiambo, aliyekuwa upande wa pili, alikuwa amekwisha kumaliza bakuli lake na anampigia simu mwenzake, akimwambia wageuze pikipiki waje Kisauni upesi.

"Leo Ummulkheir amerudi," mzee akasema.

Alikula mpaka maua ya buluu yakaonekana. Kisha alimwita Ruwaida karibu akamwuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia siri ya ndoa, amefanya nini.

Ruwaida alipangusa upawa kwa kanga. "Ni makaa, baba," akasema kwa upole. "Nilikuwa naweka moto mkali. Mama alikuwa akipikia moto wa pole."

"Moto wa pole," mzee akarudia, akitikisa kichwa kwa furaha. "Nilijua tu ni kitu kidogo."

* * *

Wiki mbili zilizofuata baraza ilijaa. Pikipiki zilirudi, walimu wa chekechea walirudi, na Jafar alianza tena kukaripia nazi ndogo zinazoletwa kutoka Kongowea, jambo ambalo lilikuwa dalili ya afya. Purity, mpangaji wa chumba cha nyuma, msusi kutoka Machakos mwenye mdomo mwepesi na moyo usio na kinyongo, alisema nyumba imerudi kunuka kama nyumba.

Ruwaida ndiye aliyepungua. Alianza kumpakulia mzee bila kumtazama. Akimwona anakuja na fimbo yake alijipa kazi ya ndani. Asubuhi moja mzee alimwita akampa pakiti ya biskuti mpya, za nazi, zenye picha ya mnazi. Ruwaida akasoma kwa kidole, kama zamani. Unga wa ngano, sukari, nazi, mafuta ya mawese. Alifika kwenye maziwa ya unga, akatua kidogo, akayasema.

"Basi. Hapo hapo," mzee akasema, akampa pakiti. "Duka zima laweza kunidanganya, lakini si wewe."

Biskuti zile hakuzila. Aliziweka juu ya kabati zikaingia sisimizi.

Ilikuwa Jumamosi ambapo Purity aliingia jikoni kuazima kiberiti. Kopo lilikuwa wazi, Ruwaida alikuwa amelisahau, mikono yake imejaa sinia la mahamri. Purity alichungulia, akanusa, akatoka nalo barazani akicheka, kopo mkononi, kama aliyegundua mahali watoto walipoficha sukari.

"Kumbe dawa ni hii," akasema kwa watu wote. "Mimi najiuliza mbaazi gani hizi zinanuka baharini. Ni uduvi. Mzee Kadenge, na wewe siku zote watuambia huli samaki, kumbe wewe wamla na kichwa chake na macho yake."

Odhiambo alikuwa wa kwanza kucheka. "Baniani ameokoka," akasema, na mwingine akasema huo ndio ubatizo wa maji mengi, na kicheko kikaenda baraza nzima kwa sababu ilikuwa asubuhi njema na watu walikuwa wameshiba.

Mzee hakucheka nao safari hii. Alilitazama kopo, kisha akamtazama Ruwaida aliyesimama na sinia. Hakuuliza kitu. Jibu lilikuwa usoni mwa Ruwaida. Akaliweka bakuli chini taratibu, akalifunika kwa kisahani kama mtu anavyofunika kitu ambacho watoto wasikione. Akaenda penye ndoo ya kunawia, akachota maji, akasukutua, akatema mferejini. Akasukutua tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha kufikia mara ya tatu, na watu wote walisikiliza maji yakizunguka ndani ya mashavu ya mzee. Kisha aliweka pesa yake pale pale, chini ya kisahani, akashika fimbo.

Purity alikuwa bado ameshika kopo. "Mimi sikujua kama hajui," akasema. "Wallahi sikujua," na hakuwa hata Mwislamu.

* * *

Bi Tima, dada mkubwa wa marehemu, alikuja Jumapili kutoka Mkomani, akiwa ameshasikia. Ruwaida alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba ndefu, kisha mama mkubwa wake akavua viatu, akapanda mkekani, akataka aletewe kopo.

Alilifungua akanusa. Akanusa tena. "Huu ni ule ule wa yule muuza dagaa wa Kongowea," akasema. "Mamako hakununua kwa mwingine."

"Kwa hivyo mama mkubwa ulijua."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Kwani ulidhani mbaazi zetu zilikuwa na uduvi tangu asili? Marehemu bibi yako angenikata mikono. Kwetu mbaazi ni nazi, kitunguu na pilipili mbichi."

Na hapo Bi Tima akamsimulia. Alisema ilikuwa mwaka aliokufa Nyevu, mke wa Kadenge. Mzee alikuwa amebaki peke yake na kiapo chake, anakula muhogo na chumvi, anakuja asubuhi kwa mbaazi, na kwa siku nzima hali kingine. Alikonda mpaka kola ya shati ikamzunguka shingo kama pete iliyoazimwa. Siku moja alianguka hapo hapo mlangoni. Walimpeleka zahanati, wakaambiwa hana damu, ale maini. Alikataa. Wakamwambia basi anywe maziwa. Akakataa. Aliwaambia wamrudishe nyumbani.

"Mamako hakulala," Bi Tima akasema. "Alikuja kwangu asubuhi, akaniambia, dada, yule mtu atakufa na mimi namwona. Nikamwambia, mtu na kiapo chake. Akaniambia, kiapo chake ni cha vitu vinavyochinjwa. Yeye amekimbia kisu. Uduvi hauchinjwi. Huchotwa kwa wavu wa tandio kama mchanga, haukatwi shingo, hauna hata damu ya kumwagika. Ndivyo alivyojitulizia moyo wake. Akatia kijiko cha kwanza. Mzee akamaliza bakuli, na wateja wengine wakaomba waongezwe, na basi tena, mkono ukazoea."

Ruwaida alikumbuka ukumbi wa chuo, na mhadhiri akiandika ubaoni yale ambayo mtu asiyekula kitu cha mnyama huyakosa, na jinsi damu inavyopungua kidogokidogo. Mamake hakupita darasa la nne. Alikuwa na kijiko na kopo.

"Hakutaka kumwambia?"

"Kila Ramadhani ikikaribia. Huniambia, dada, mwaka huu nitamwambia, nisifunge na hili moyoni. Halafu akamwona anakula, akaahirisha." Bi Tima alilifunga kopo, akakaza mpira. "Sasa limekuangukia wewe. Waweza kusema ni wewe peke yako. Kijana alipoteza wateja, akatafuta ladha. Mzee atakukasirikia wewe, na wewe una miaka ya kusamehewa. Mamako umwache alale."

* * *

Mzee Kadenge alikaa chumba kimoja Mlaleo, na mbele ya chumba alikuwa na kigoda na rundo la chelewa za minazi, anafunga fagio. Alikuwa akiziuza sokoni Kongowea. Ruwaida alimkuta mikono yake inafanya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuongeza mwanangu.

Ruwaida aliketi chini, kangani, palipobaki kivuli. Mzee alichambua chelewa moja moja, akizipanga kwa urefu. Zilipotimia konzi moja, alisema, "Ulisema ni makaa."

"Nilisema, baba."

"Ukaisema vizuri. Niliamini hata nikamwendea jirani nikamfundisha moto wa pole."

Mzee akavuta kamba kwa meno, akakaza fundo.

"Wajua kule kichinjioni nilikoajiriwa kazi yangu ilikuwa gani? Watu hudhani nilichinja. Kuchinja ni kazi ya Waislamu, mimi kisu sikukishika hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa sauti. Ng'ombe wanashushwa kwenye lori, wametoka mbali, wana kiu, wananusa wanachonusa, wanagoma. Wenzangu waliwapiga. Mimi nilimshika mmoja sikio nikamwambia kwa Kigiriama maneno aliyokuwa akiyasema mamangu jioni mifugo ikirudi. Njoo, njoo nyumbani, maji yapo. Naye akanifuata. Tajiri akaona hakuna hasara ya kiboko, nyama haina alama, akaniongeza mshahara. Miaka ishirini na sita, mwanangu. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kweli."

Neno mwanangu lilikuwa limemtoka bila kukusudia. Wote wawili walilisikia.

"Nilipoacha, sikuapa kwa sababu ya nyama. Nyama naijua, ni tamu. Niliapa kwa sababu wao walikuwa hawawezi kuuliza. Basi nikasema mimi nitauliza. Kila kitu nitauliza kimetoka wapi, na nikiambiwa kimetoka kwao, nitakiacha kipite." Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe una sauti nzuri, Ruwaida."

Upepo ulipeperusha chelewa mbili. Ruwaida akaziokota, akaziweka katika rundo. Alijua swali linalokuja, na njia nzima kutoka Kisauni alikuwa amelitayarishia jibu alilopewa na Bi Tima.

"Na mamako?"

Alimwona mamake, mgongo wake, kanga yake yenye harufu ile. Alimwona pia akisimama mlangoni na upawa, akimtazama mzee kula, na uso wa mtu aliyeamka salama.

"Naye, baba," akasema. "Miaka yote kumi na moja. Alianza ulipoanguka mlangoni kwetu. Waliambiwa huna damu. Uduvi haukuwa wa kukoleza, ulitiwa kwa ajili yako. Alisema uduvi hauchinjwi."

Mzee aliacha kufunga. Ufagio ulifunguka mikononi mwake ukatawanyika miguuni, naye akautazama kama si kazi yake. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza mazishi.

"Alipaswa kuniuliza," akasema mwishowe.

"Ungekataa."

"Ningekataa." Akainama kuokota chelewa moja. "Na mwaka ule ningekufa. Najua. Nilikuwa nimeshajipangia." Akaokota nyingine. "Hata hivyo angeniuliza."

Ruwaida alitaka kusema samahani, lakini neno lilionekana dogo, kama kijiko. Alimsaidia kuokota mpaka zikaisha. Mzee akamwambia aende, babake anangoja chai.

* * *

Jumatatu alipika sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya kila mtu, na kopo la uduvi akalitoa nyuma ya gunia, akaliweka barazani, juu ya meza, kando ya sufuria, kila aulizaye aone. Odhiambo alikuwa wa kwanza kuliona. Alikohoa, akavua kofia yake ya pikipiki, akala bila mzaha. Ndogo ilikuwa ile sufuria nyeusi ya mamake, mbaazi bakuli moja tu, nazi, kitunguu na pilipili mbichi, kama za bibi. Hakuja mtu wa kuzila. Mchana Jafar alizila yeye.

Jumanne vivyo hivyo, na Jumatano. Jafar alisema akiendelea hivi yeye ndiye atakuwa Baniani. Alhamisi Purity alijitolea kuzila, akanywa maji mengi, akasema zina afya. Ruwaida aliendelea kupika. Kila alfajiri, mbaazi zikikaribia kuepuliwa, mlango aliuacha wazi, na yeyote aliyetaka kusimama pale alisimama.

Jumanne ya pili mzee alikuja. Watu walimpisha nafasi yake barazani. Alikaa, akaegemeza fimbo ukutani, akaliona kopo mezani. Alilitazama sana.

Ruwaida alitoka na bakuli la maua ya buluu, tupu. Hakupakua. Alisimama mbele yake.

"Baba, kuna za sufuria kubwa, zina uduvi. Kuna za sufuria ndogo, hazina. Nikutilie zipi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Ilionekana usoni mwa mzee, kwa jinsi alivyokawia, kana kwamba swali lilikuwa kiti alichopewa na anajaribu kama kitamchukua.

"Ndogo," akasema.

Alimletea, na mahamri mawili. Mzee aliinua hamri moja, akaigeuza huku na huku.

"Na hii?"

"Unga, sukari, tui la nazi, iliki, hamira. Na mafuta ya kukaangia, ya mbegu."

"Hamira ni nini?"

Ruwaida aliwaza. Ingekuwa rahisi kusema ni unga tu. "Ni kitu hai, baba," akasema. "Ni kama ukungu. Ndicho kinachofurisha. Lakini si mnyama."

Odhiambo aliguna, akajizuia.

"Kina damu?"

"Hakina."

"Kina mama?"

"Hakina, baba."

Mzee akafikiri, akachovya, akatia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu. Ruwaida alimtazama na safari hii hakuingia ndani.

"Hazifanani," mzee akasema.

"Hazifanani," Ruwaida akakubali.

"Zake zilikuwa na kitu." Akatazama kopo tena, akapitisha kidole chini ya jicho upesi, kama anayefukuza nzi. "Kesho tia ndimu kidogo. Na ndani ya wiki unitafutie vile vya kuongeza damu ambavyo havina mwenyewe. Kwani chuoni hawakukufundisha?"

"Walinifundisha. Mchicha, kunde, ukwaju, na kuna vidonge. Nitakusomea karatasi yake yote."

"Yote," mzee akasema.

Aliweka pesa chini ya kisahani. Alipokwenda zake, Ruwaida aliliingiza bakuli jikoni, akalisogeza penye mwanga wa mlango. Robo ya mbaazi ilikuwa imebaki chini, kama ilivyobaki miezi ile mitatu. Lakini leo mzee hakusema ni nzuri. Upande mmoja, pale hamri ilipopita, ua moja la buluu lilikuwa limeonekana nusu.